Nilivyomkoholea Mwanangu Chumba cha Miguu

Habari za chumba namba tisa nilizipata nikiwa nimebanwa kichwa katikati ya magoti ya msusi, kwa hiyo hata ningetaka kuzikimbia nisingeweza. Msusi wa mtaani kwetu ana mikono miepesi, lakini mdomo wake ni mwepesi zaidi.

"Mama Fundi," akaniambia, "si ulisema mwanao ana sukari?"

"Anayo. Mwaka wa nne sasa."

"Basi asithubutu kuingia chumba namba tisa pale hospitali."

"Kuna nini?"

"Kuna sista mmoja mrefu. Unavuliwa viatu, unaambiwa ufumbe macho. Halafu anachukua kiuzi kigumu cha plastiki, kama kile cha kuvulia samaki, anakuchokoa nacho kwenye unyayo. Ukisema umesikia, unapewa viatu vyako unakwenda zako. Usiposikia..." Hapo akanivuta nywele mpaka machozi yakanitoka. "Ndani ya chumba kile kuna mlango wa kijani. Usiposikia, unapitishwa kwenye ule mlango. Mjomba wa mteja wangu aliingia na miguu miwili, akatoka na mmoja."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Kidonda tu! Kama punje ya mahindi. Mtu alikuwa anakula, anacheka na watu."

Niliinuka pale kichwa kimesukwa upande mmoja. Nilimwambia nimekumbuka nimeacha sufuria jikoni, nikajifunga kitambaa, nikaondoka. Sikuwa nimeacha sufuria yoyote. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kadi ya kliniki ya mwanangu, na nyuma ya kadi daktari alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kukimbia: Alhamisi, chumba namba 9.

Naandika haya kwa sababu nilichofanya Alhamisi ile ni upumbavu, na kwa sababu nawajua kina mama wenzangu. Wapo walio tayari kufanya vile vile wiki ijayo, tena kwa mapenzi.

Mwanangu ana miaka thelathini na tisa. Kwa watu wengine huyo ni mtu mzima mwenye mke na ndevu. Kwangu mimi ni yule yule aliyekuwa analala na kiatu kimoja mguuni akiogopa kitaibiwa. Sasa ni fundi viatu. Banda lake limeegemea nyumba yetu, mlango wake unafungukia sebuleni, na sakafu ni ya saruji kote, ndani kwetu na bandani kwake. Kumbuka hiyo sakafu.

Wateja wanamwita Fundi Saizi, na jina hilo lina sababu. Mtu akinunua viatu vipya vikambana, kwingine ataambiwa avumilie. Kwa mwanangu anaviacha. Mafundi wengine wana ule mguu wa mbao wa kutanulia viatu. Wa mwanangu ulipasuka zamani, na badala ya kununua mwingine akagundua kwamba mguu wake mwenyewe una saizi ya wanaume wengi wa mtaani. Basi anavivaa viatu vya watu. Siku mbili, siku tatu, anashinda navyo, huku akisikiliza. "Hiki kinabana kidole gumba," atasema. "Hiki kinakwaruza kisigino." Anavua, anagonga na nyundo, analainisha, anavaa tena. Mteja akija kuchukua, kiatu kimekuwa kama soksi. Watu walikuwa wanatoka mitaa mingine kuja kuvaliwa viatu.

Mwaka huu mambo yalianza kubadilika, na sisi tukashangilia. Kazi iliyokuwa inachukua siku tatu ikawa inachukua asubuhi moja. Anavaa kiatu saa mbili, saa nne anasema, "Tayari, kimelainika."

"Mikono yako ina baraka," nikamwambia.

"Si mikono, mama, ni miguu. Siku hizi haina malalamiko."

Karani wa mahakama ndiye aliyekuja na malalamiko. Ni mtu mfupi, msafi, anaongea kama anasoma jalada. Alikuja kwetu anachechemea, amebeba viatu vyake vyeusi mkononi na amevaa ndala za mkewe zenye ua.

"Fundi, ulisema vimelainika."

"Vimelainika, mzee. Nimevivaa asubuhi nzima sikusikia kitu."

"Mimi nimevivaa kutoka nyumbani mpaka kona, nikasikia kila kitu." Akavua ndala, akatuonyesha malengelenge mawili yamevimba. "Hii miguu yako, Fundi, ni mashahidi wa uongo."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mkwe wangu peke yake hakucheka. Mkwe wangu anafundisha watoto wa chekechea, na kwa sababu ya kazi hiyo anaongea na binadamu wote kana kwamba wana miaka minne. Alimsogelea mume wake, akapiga magoti, akasema, "Haya, tuone mguu wa kulia. Vizuri. Na wa kushoto. Baba watoto, hapa umechubuka. Hukusikia?"

"Sikusikia."

"Kliniki walisema tuwe tunaikagua kila siku jioni. Na nyayo pia, kwa kioo."

Hapo nikaingilia. Nilisema mwanangu si mtoto wa chekechea wa kukaguliwa kucha mstarini. Nilisema ngozi ya fundi ni ngumu kwa kazi. Nilisema mengi. Yeye akaniambia, "Sawa, mama," kwa ile sauti anayowaambia watoto waliokula chaki.

Sasa ile Alhamisi. Mkwe wangu alikuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza mgonjwa. Njiani nikamweleza habari za kiuzi na mlango wa kijani. Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

"Mama, nani kakwambia?"

"Msusi."

"Msusi si alisema pia kwamba mimi ninaoa mke wa pili?"

"Hilo alikosea. Hili ana ushahidi, kuna mjomba."

Tukafika. Chumba namba tisa ni kidogo: kitanda kirefu chenye karatasi, beseni, kabati la vioo, ukutani picha ya mguu mkubwa wenye mishale. Na kweli, nyuma ya kiti cha sista, mlango wa kijani. Umefungwa. Ndani yake kitu kiligonga, ting, kama chuma kwenye bakuli.

Sista naye alikuwa mrefu kama nilivyoambiwa, lakini hakuonyesha ukali. Alimwambia mwanangu apande kitandani, akamvua soksi, akamshika miguu bila kinyaa, akatafuta mapigo ya damu juu ya mguu kwa vidole viwili. Kisha akatoa kile kiuzi. Jamani, nilipokiona kiuzi nilitaka kulia. Kilikuwa kama alivyosema msusi, kimechomekwa kwenye kijiti.

"Huyu mama ni nani yako?"

"Mama yangu mzazi."

"Karibu, mama, kaa hapo kwenye benchi. Wewe, fumba macho. Kila nikikugusa ukasikia, sema 'sasa'. Nitagusa sehemu kumi."

Benchi lilikuwa nyuma ya sista, upande wa miguu ya kitanda, na mimi nikawa naziona nyayo zote mbili kama naangalia sinema. Sista akagusa chini ya kidole gumba. Kiuzi kikapinda. Nikamtazama mwanangu usoni. Kimya. Amefumba macho, ametulia, kama mtu anayengoja chakula.

Nikatazama mlango wa kijani.

Nikakohoa.

Wenzangu, mnajua kikohozi cha mama. Kila mama anacho kimoja ambacho watoto wake wanakijua. Changu nilikitumia alipokuwa mdogo, wageni wakija, akitaka kusema tulichokula jana. Nikikohoa, anakwenda njia nyingine. Miaka zaidi ya thelathini imepita na mtoto yule bado yumo ndani ya fundi.

"Sasa!" akasema mwanangu.

"Vizuri," akasema sista. Akagusa pembeni ya kidole kidogo.

Nikakohoa.

"Sasa!"

Kisigino. Kohoo! "Sasa!" Katikati. Kohoo! "Sasa!" Mara ya saba koo langu lilikuwa limekauka kweli, na mara ya tisa nilikuwa sihitaji kujilazimisha. Sista aligeuka, akanitazama kwa huruma.

"Mama, hicho kikohozi kina muda gani?"

"Kimeanza leo leo."

"Usidharau." Akafungua kabati, akanipa kikopo cheupe chenye mfuniko. "Kesho asubuhi kabla ya kunywa kitu chochote, utemee humu makohozi, uniletee. Tuyapime."

Nikapokea. Ningefanya nini? Kwenye kadi ya mwanangu akaandika: anahisi sehemu zote kumi. Akatupa maneno ya kawaida, msitembee peku, mkague miguu kila siku, njooni mkiona kitu. Tukatoka. Nje ya geti tulishikana mikono tukacheka kama wezi. Kile kikopo nilikitia vifungo vya nguo. Kina mfuniko mzuri.

Mkwe wangu aliisoma kadi mara mbili. "Sehemu zote kumi?"

"Zote," nikasema. "Sasa utaacha kumkagua?"

Na kwa sababu ya kadi ile, akaacha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu mmoja ndani ya nyumba alikuwa na macho, mimi nikayafumba kwa karatasi.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nimepiga deki sebuleni. Sakafu bado ina maji. Nikamsikia mwanangu anatoka bandani anakuja ndani, na hatua zake zinalia: pu, ti. Pu, ti. Pu, ti.

"Vua viatu, bwana wee! Nimepiga deki!"

"Nimevua, mama."

"Umevua nini? Nasikia vinagonga. Hata jana vilikuwa vinagonga."

"Mama, niko peku. Tazama."

Nikageuka. Alikuwa peku kweli, suruali ameikunja. Akapiga hatua mbili kunionyesha. Pu, ti. Pu, ti. Tukatazamana. Akashika ukuta, akainua mguu wa kushoto, akaugeuza. Katikati ya nyama iliyo chini ya vidole kulikuwa na kitu kinang'aa, cha mviringo, kizuri kabisa kama kifungo. Kilikuwa kichwa cha msumari wa kiatu.

Mimi nilipiga kelele. Yeye hakupiga. Alikwenda bandani, pu, ti, pu, ti, akakaa kwenye kigoda chake, akachukua koleo, akaubana msumari akauvuta kama anavyovuta kwenye soli ya mteja. Ulitoka mzima, urefu wa punje mbili za mchele. Akauinua kwenye mwanga.

"Ni wangu huu," akasema. "Wa kisigino. Mzima kabisa, haujapinda." Na mbele ya macho yangu akautupa kwenye kopo na wenzake.

"Haukuumi?"

"Kidogo hivi." Akafikiri. "Hapana. Hauumi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga mbio hospitali. Mimi nilisimama na tambara la deki mkononi, nikauona mlango wa kijani. Kidonda kama punje ya mahindi. Nikasema, "Usimwambie mkeo."

Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Niliyachemsha, na yeye akatumbukiza mguu wote akasema ni ya uvuguvugu. Mimi nilipotia mkono kumsaidia niliutoa ninapuliza vidole. Mguu ukawa mwekundu, nikajiambia ni damu inatembea. Nikamfunga kitambaa safi, nikamvisha soksi. Jumapili akavaa viatu vya mteja juu ya hiyo soksi, maana kazi ni kazi. Jumatatu hivyo hivyo. Kila nikimuuliza, anaumwa? Haumwi. Nikafurahi. Mimi mtu mzima nilikaa jikoni nikafurahi kwamba mtu aliyetobolewa na msumari haumwi.

Jumanne mchana akaja karani wa mahakama kuchukua mkanda wake. Alisimama mlangoni mwa banda, akakunja pua.

"Fundi, leo unatengeneza ngozi ya mnyama gani?"

"Ngozi gani? Leo nashona mabegi ya turubai."

Karani akanusa tena. Akainama akanusa kopo la gundi, akanusa rundo la viatu, kisha akasogea, taratibu kama askari mpelelezi, mpaka pua yake ikawa karibu na soksi ya mwanangu. Akasimama wima. Hakufanya mzaha tena.

"Mwite mkeo," akasema.

Mkwe wangu alikuja na vumbi la chaki kwenye mikono. Hakusema "haya, mguu wa kushoto". Alipiga magoti akavuta soksi, na kitambaa changu kikaja nayo kimelowa usaha. Mguu ulikuwa umevimba, unawaka moto, ngozi ya juu imetoka malengelenge ya yale maji yangu, na wekundu umepanda kutoka vidoleni mpaka karibu na kifundo.

"Tangu lini?"

Mwanangu akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Tangu Jumamosi," akasema. "Kulikuwa na msumari. Mdogo tu."

"Uko wapi?"

Akaonyesha kopo.

"Upi?"

"Umo humo."

Mkwe wangu aliangalia kopo lenye misumari mia nne. Kisha akaichukua kadi kwenye droo, akaifungua, akaninyooshea. "Mama, hapa wameandika anahisi sehemu zote kumi. Mtu anayehisi sehemu zote kumi anatembeaje na msumari?"

Nilisema, "Tuondoke, tusipoteze muda," kama vile mimi ndiye niliyekuwa nawaharakisha.

Karani alimshika mwanangu bega moja, mkwe bega la pili, asikanyage. Mimi nilibeba mkoba, kadi na kopo zima la misumari, maana mkwe alisema daktari atataka kuuona ule msumari. Kila hatua kopo lilikuwa linalia chakacha, chakacha, na watu barabarani wananitazama.

Chumba namba tisa hakikubadilika. Sista yule yule, mlango ule ule. Karani alibaki nje na mkwe akakimbilia dirishani kuandikisha, tukabaki watatu. Sista alipoona mguu alivuta pumzi, lakini kitu cha kwanza alichoniambia mimi ni, "Mama, kikopo changu kiko wapi?"

"Nimekitia vifungo."

Akanitazama. Akaacha. Akamgeukia mwanangu. "Msumari uliingia lini?"

"Jumamosi," akasema mwanangu. "Nikausikia pale pale, nikautoa."

Alikuwa anadanganya kwa hofu ya mlango wa kijani niliyompa mimi. Sista akasoma kadi. "Ni kweli, hapa unahisi vizuri." Akafikiri kidogo. "Ngoja nihakikishe na mguu wa pili. Fumba macho."

Akatoa kiuzi. Mimi nikakaa kwenye benchi lile lile, kopo mapajani.

Akagusa mguu wa kulia, usio na kidonda, chini ya kidole gumba. Kiuzi kikapinda. Mwanangu amefumba macho, kope zinacheza, na nikaona kabisa kwamba hasikilizi mguu wake. Ananisikiliza mimi. Anangoja kikohozi. Koo likaanza kuniwasha, nakwambia kweli, kama nimemeza unyoya. Sista akagusa tena, sehemu ya pili. Kimya. Ya tatu. Kimya. Mwanangu akakunja uso, akageuza kichwa kidogo upande wa benchi, na kwa sauti ndogo kama ya mtoto akasema, "Mama?"

Nikainuka. Kopo likaanguka, misumari mia nne ikatawanyika sakafuni chini ya kitanda, chini ya kabati, kila mahali.

"Sista," nikasema, "huyu hasikii. Hata ile siku hakusikia. Mimi ndiye niliyekuwa nasikia."

Sista hakuelewa mara moja. Kwa hiyo nikamwonyesha. Nikamnyooshea kidole kile kiuzi, nikakohoa, na mwanangu kitandani, macho yamefumba, akasema, "Sasa!"

Sista alikaa chini. Alikaa kitambo amefunika mdomo kwa mkono, na mabega yakawa yanamtikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Halafu akasimama ghafla, akaelekea mlango wa kijani.

Nilifika kabla yake. Sijui nilipitaje juu ya misumari. Niliusimamia mlango, mikono nimeitanua, mkoba shingoni, kitambaa kimenivuka kichwani na nusu ya kichwa, ambayo haijasukwa tangu siku ile kwa msusi, imesimama wima. "Huyu hapiti hapa! Mnikate mimi!"

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Ukanisukuma. Akatoka daktari kijana, ana kikombe cha chai mkononi na kipande cha mkate mdomoni. Nyuma yake niliona meza, birika, masinia mawili, mwavuli, na sista mwingine anakoroga sukari. Ting, ting, kijiko kwenye kikombe.

"Kuna moto?" akauliza daktari, mkate ukimwanguka.

"Kuna mguu," akasema sista. "Na tahadhari unapokanyaga."

Siwezi kuwaeleza yote yaliyofuata kwa sababu mengine sikuyatazama. Walimpiga picha kuona kama kuna ncha ya msumari au mfupa ulioguswa. Mfupa ulikuwa salama. Wakalifungua lile tundu, usaha uliotoka ungejaza kikombe cha kahawa, wakakata ngozi iliyokufa, na mwanangu muda wote anaongea na daktari kuhusu soli za viatu vyake kana kwamba anayekatwa ni mtu mwingine. Akachomwa sindano ya pepopunda. Akalazwa siku sita za dawa za mishipani, na sukari yake ikashushwa, maana ilikuwa juu sana na hakuna aliyekuwa anaipima, tulikuwa tunakwenda kwa kumtazama uso.

Siku ya pili nilimfuata sista koridoni. Nikamuuliza habari za yule mjomba wa mteja wa msusi.

"Habari za mgonjwa mwingine sikupi," akasema. "Lakini sikufichi, mama, wapo wanaokatwa. Sijaona anayekatwa kwa sababu ya kuwahi. Huko mtaani kwenu, huyo mjomba muulizeni alikaa na kidonda siku ngapi."

"Na mwanangu?"

"Wiki moja zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa ni asiukanyage. Mguu huu ukipona, utakuwa umepona kwa kutokanyagwa."

Nikarudi kwa msusi kumalizia kichwa. Nikamuuliza: mjomba alikaa na kile kidonda muda gani kabla ya kwenda hospitali? Akahesabu kwa vidole kwenye nywele zangu. "Miezi minne," akasema. "Alikuwa anakifunga kwa tambara. Si kilikuwa hakimuumi?"

Kidonda kilichukua wiki kumi na moja kufunga. Kwa muda wote huo mwanangu alifanya kazi amekaa, mguu juu ya kigoda, magongo pembeni, na mimi nikakaa mlangoni na ndala mkononi, akitaka kuushusha tu namwinulia ndala. Kila jioni mkwe wangu anapiga magoti na kioo. "Mguu wa kulia. Vizuri. Katikati ya vidole. Vizuri sana. Na wa kushoto." Na mimi ndiye ninayeshika taa, sisemi neno.

Viatu vya kutanua vikajaa bandani hadi karani akachoka kungoja. Akaenda kwa seremala, akachongesha mguu wa mbao, akauleta umefungwa kwenye gazeti. Akauweka mezani mbele ya mwanangu.

"Shahidi mpya," akasema. "Huyu naye hasikii, lakini hana cha kupoteza."

Siku tuliyorudi kliniki mara ya mwisho, kidonda kimefunga, vidole vyote kumi vipo, sista akarudia kipimo. Mimi nikaambiwa ningoje nje, mlango umefungwa, tena mbali, chini ya mti wa maua. Mwanangu alisikia sehemu mbili kati ya kumi. Sista akaandika hizo mbili. Hazitaongezeka, alisema, lakini mtu akijua hasikii, anatazama. Kisha akanipa kikopo kingine na kusema hiki si cha vifungo.

Sista akatuandikia mambo ya kuepuka. Nimeyanakili hapa, na la mwisho nimeliongeza mwenyewe.

Usitembee peku, hata ndani, hata sakafu ikiwa imepigwa deki.

Usivae kiatu kabla ya kuingiza mkono ndani na kupapasa mpaka mwisho.

Usivae viatu vya mtu mwingine, wala vinavyobana, wala usivae vipya siku nzima.

Usiloweke miguu kwenye maji ya moto. Usiyapime maji kwa mguu. Pima kwa kiwiko, na kama kiwiko nacho kina ganzi, apime mtu mwingine.

Usiache unyevu katikati ya vidole, na mafuta usipake hapo.

Usikate sugu kwa wembe, wala usizitie dawa za kuunguza.

Usikate kucha kwa kuzichimba pembeni. Kata mstari mmoja ulionyooka kwa upana.

Usipitishe siku bila kuitazama miguu, juu na chini. Kama huoni chini, tumia kioo au mkwe.

Usikisie sukari kwa kutazama uso. Pima.

Usiseme "hakiumi" ukadhani umesema "kimepona".

Usifiche kidonda, hata cha saizi ya punje. Nenda siku hiyo hiyo.

Usirudishe msumari kwenye kopo.

Usimkoholee mtu anayepimwa.